Kola ya baharia kila mtu anaijua, leo tuongelee MIKONO yake (uzi mrefu, kaa mkao wa kula)

Fundi Mkasi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, miaka kumi na kitu sasa, kazi zangu nyingi ni nguo za watoto. Juzi kati kaja mama mmoja na picha kwenye simu, anataka watoto wanne watakaotangulia maharusi wavae kibaharia, zile nguo nyeupe zenye kola kubwa ya bluu inayolala mgongoni na vile vimistari vitatu vyeupe. Nikasema hiyo kazi ndogo sana mama, njoo Alhamisi. Nikakata kola safi, tepe nimepiga zimenyooka kabisa, ila mikono nikakata ya shati la kawaida kama ninavyokata sare za shule. Kuvalisha mtoto, aisee, haikuwa baharia, ilikuwa mwanafunzi wa darasa la pili aliyevaa kola ya kuazima. Mama wa watu hakugomba, akaangalia tu picha, akaangalia nguo, akaangalia picha tena. Hapo bora angegomba.

Basi usiku ule sikulala, nikaanza kuchimba picha za zamani moja baada ya nyingine, nikagundua kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kunifundisha. Kwenye hizi nguo kola haikubadilika sana kwa zaidi ya miaka mia na hamsini. Kilichokuwa kinabadilika ni mkono. Ukiniletea picha ya mtoto kavaa kibaharia, ukafunika kola kwa kidole, nikaona mkono peke yake, nakuambia kwa kukadiria ni ya lini, na kama aliyeshona alikuwa anamuiga baharia kweli au alikuwa anaiga gauni la mama.

Twende mwanzo. Septemba 1846, Malkia Victoria wa Uingereza yuko kwenye meli yake ya kifalme, Victoria and Albert, wanazunguka visiwa vya Channel. Mtoto wake Albert Edward, ambaye baadaye ndo alikuja kuwa mfalme Edward VII, ana miaka minne. Wakamvalisha nguo ya baharia, na utamu wa hii habari kwa sisi mafundi ni kwamba haikushonwa na fundi wa ikulu, ilishonwa na yule yule jamaa wa melini aliyekuwa anawashonea mabaharia. Malkia mwenyewe aliandika hivyo kwenye shajara yake. Mtoto akatoka kwenye sitaha mbele ya mabaharia, wakafurahi balaa. Mwaka huo huo mchoraji Winterhalter akamchora nayo, picha ikasambaa, na nguo yenyewe mpaka leo ipo makumbusho ya Greenwich.

Sasa kwa vile ilishonwa na fundi wa mabaharia, ilikatwa kibaharia: pana, imelegea, mikono mirefu hadi kwenye kifundo. Hii ni muhimu kwa sababu watoto wadogo wa matajiri wa kipindi kile, wa kike na wa kiume, walivalishwa vigauni vya mikono mifupi sana, mabega nje, mikono mitupu hata baridi, na madaktari walikuwa wanalalamika kila siku kwamba mnawaua watoto kwa kifua. Nguo ya baharia ikaja na mkono wenye akili.

Nakuja na sehemu ya pili, naweka chai jikoni.

mamaZuu

Naweka kambi hapa. Ila mkuu usitudanganye, bila kola hakuna ubaharia. Mkono ni mkono tu.

Kijana wa Likoni

Watoto wa kiume walivaa magauni?? Mnaficha mambo mengi kwenye hizi historia.

Fundi Mkasi

@Kijana wa Likoni ndio, wa kiume walivaa gauni mpaka miaka minne, mitano, wengine hadi sita saba ndo wanavalishwa suruali ya kwanza, na ilikuwa sherehe kabisa ndani ya nyumba. Ndo maana suti ya baharia ilipokuja wazazi waliipokea kwa mikono miwili, ilikuwa nguo ya kumtoa mtoto kwenye gauni bila kumbana kwenye koti gumu la kiutu uzima.

@mamaZuu subiri nikuoneshe.

SEHEMU YA PILI: kwa nini mkono wa baharia uko vile.

Fikiria baharia wa meli ya matanga. Kazi yake ni kupanda mlingoti, mikono yote juu, anavuta tanga. Sasa fundi mwenzangu anajua, ukikata mkono ule wa koti, wenye kile kilima kirefu kinachoingia begani, mvaaji akinyanyua mikono nguo yote inapanda na kiuno kinabaki wazi. Ukitaka mtu anyanyue mikono kwa raha, ule mlima unaukata mfupi, karibu uwe bapa, halafu mkono wenyewe unaufanya mpana. Mashati ya zamani yalikuwa hivyo, vipande vya mraba tu, na kwapani wanatia kiraka cha pembe nne ili kitambaa kisichanike. Lakini mkono mpana ukiuacha wazi chini unanasa kwenye kamba, na bahari haikusubiri ujinasue. Kwa hiyo chini unaukusanya kwa mikunjo unaingiza kwenye kafu, ule ukanda wa mwisho wa mkono, ya kubana yenye vifungo. Juu bapa, katikati puto, chini umefungwa. Huo ndo mkono wa baharia, kila sehemu ina sababu.

Na jambo wengi hawalijui, mwaka 1846 ule mtoto anavalishwa, mabaharia wa kawaida wa Uingereza walikuwa hawana hata sare rasmi! Walivaa nguo za stoo ya meli au alivyotaka nahodha. Sare rasmi imekuja 1857. Na kwenye ile sare, blauzi nyeupe iliandikiwa kola NA kafu za kitambaa cha bluu, na zote mbili, kola na kafu, ziwe na mistari mitatu ya tepe nyeupe, kila tepe inchi 3/16, sawa na milimita tano hivi. Umeona mamaZuu? Ile mistari mitatu ilikuwa ya kola na ya mkono pamoja. Ukishona kola yenye mistari halafu mkono ukauacha mtupu umeandika nusu ya sentensi. Ndo kosa langu la Alhamisi hilo.

Ndugu Jembe

Mistari mitatu ni ushindi mitatu wa Admirali Nelson, Nile, Copenhagen na Trafalgar. Hiyo nilisoma zamani sana.

Fundi Mkasi

@Ndugu Jembe hiyo hadithi tamu na inasimuliwa hadi leo ila haina ushahidi. Nelson kafa 1805, sare imekuja 1857, miaka 52 katikati, na waliopanga sare hawakuacha neno lolote la kumtaja. Ile leso nyeusi ya shingoni nayo wanasema ni msiba wa Nelson, wakati mabaharia walikuwa wanavaa leso shingoni kabla hajafa. Watu wanapenda kila uzi uwe na maana, mara nyingine fundi kaona tu tatu inapendeza kuliko mbili.

Bahari Tulivu

Na vile vifungo vya mikononi kwamba viliwekwa kuzuia vijana wa melini wasipangusie kamasi kwenye mikono ya koti?

Fundi Mkasi

😂😂 Hadithi nyingine hiyo, wengine wanampa Nelson, wengine Napoleon, kwa hiyo ujue haina mwenyewe. Kweli vijana wanafunzi wa uofisa kwenye meli za Kiingereza waliitwa kwa utani wenye makamasi, hilo lipo. Lakini vifungo vya kafu kazi yake ni kufungua na kufunga, baharia anapandisha mkono anaosha sitaha, anashusha anakaguliwa kwenye gwaride. Kwa mtoto pia ni hivyo hivyo, hebu mnawishe mtoto mikono akiwa na kafu isiyofunguka uone vita.

SEHEMU YA TATU, hapa ndo patamu. Vita ya mkono wa baharia na mkono wa mama.

Kuanzia miaka ya 1870 hii nguo ikatoka ikulu ikaingia mtaani. Cherehani zilikuwa zimeshaenea, na Mmarekani mmoja Ebenezer Butterick alikuwa ameanza kuuza patani za karatasi (zile za kukatia nguo) zenye saizi tangu 1863, kwa hiyo mama yeyote angeweza kumshonea mwanae nyumbani. Kwa wavulana mkono ulibaki kibaharia kiasi, mrefu, uliolegea, kafu chini. Lakini kufika miaka ya 1880 wasichana nao wakaanza kuvalishwa gauni za kibaharia, na fasheni ya wanawake ikaingia kupitia mkononi. Angalia picha za wasichana za katikati ya 1890. Kola ya baharia iko pale pale, leso iko pale pale, halafu begani kuna puto, limejaa juu halafu linasinyaa kuanzia kwenye kiwiko. Wafaransa waliuita gigot, paja la kondoo, na ukiutazama pembeni ni paja kweli. Kilele chake kilikuwa kama 1895, ikifika 1897 puto limeshatoka upepo. Kwa hiyo ukiona msichana kavaa kibaharia na mabega ya namna ile, hesabu yako isihangaike mbali, ni miaka ile michache tu. Na ndo mkono wa kijinga kuliko yote kwa baharia, maana ujazo umewekwa juu begani ambako baharia anataka pawe bapa, na kuanzia kiwiko kwenda chini ambako anataka nafasi pamebanwa. Ni mkono uliogeuzwa kichwa chini miguu juu. Mzuri lakini, siwezi kukataa.

Baada ya 1900 ukarudi ujazo chini, karibu na kafu, na mafundi wakaleta kitu ambacho mimi nimekipenda kuliko vyote: marinda ya mkononi. Badala ya kukusanya kitambaa kwa mikunjo ovyo ovyo, unakunja marinda madogo yaliyonyooka, unayapiga cherehani kutoka kwenye kafu kwenda juu kama urefu wa kidole, halafu unayaachia. Mkono unabana kifundo vizuri, unapanda umenyooka, halafu unafunguka ghafla. Ukipiga pasi, mtoto anaonekana kama ofisa. Marekani alikuwepo fundi anaitwa Peter Thomson, aliwahi kuwa fundi wa jeshi la majini, kafungua kazi Philadelphia na New York, akatengeneza gauni za kibaharia za wasichana wa shule zikavuma hadi gauni lenyewe likaitwa kwa jina lake. Unaona hapo mduara umezunguka, 1846 fundi wa mabaharia anamshonea mtoto wa mfalme, na miaka kama sitini baadaye fundi wa mabaharia tena anawashonea mabinti wa shule.

Kijana wa Likoni

Mkuu hii mistari ya V na tai (yule ndege) na nanga zinazoshonwa mkono wa kushoto karibu na bega, hizo nazo ni urembo au?

Fundi Mkasi

Swali zuri. Kwa mabaharia sio urembo hata kidogo. Uingereza beji za nanga za mkono wa kushoto zilianza 1827 kwa maafande wa ngazi ya chini, na mwaka 1849 wakaongeza tepe za V za tabia njema, nazo mkono wa kushoto. Marekani ndo walikuwa na mambo mengi, hadi idadi ya mistari kwenye kafu ilikuwa cheo: kuruta mstari mmoja, anayefuata miwili, wengine mitatu, wakaja kuifuta hiyo 1947. Sasa wenye viwanda vya nguo za watoto walichukua vyote wakamwaga. Unakuta mtoto wa miaka mitano kafu ina mistari mitatu, begani ana tai, chini ya tai tepe tatu, yaani utumishi wa miaka ishirini kabla hajajua kufunga viatu. Kuna picha nyingine nanga imeshonwa kulia, kwa sababu tu mama alimkalisha mtoto upande huo kwa mpiga picha, au fundi aligeuza kipande, kama mimi ninavyogeuzaga mifuko nikichoka.

mamaZuu

Haya nimeanza kukuelewa. Wajerumani je? Bibi yangu alikuwa na picha ya kalenda ya mission, watoto wa kizungu wamevaa hivyo hivyo.

Fundi Mkasi

Wajerumani waliipenda kuliko hata Waingereza, naona. Kaiser Wilhelm II alikuwa mgonjwa wa meli, watoto wake wote wakavalishwa, na nchi nzima ikafuata. Wao wanaiita nguo ya Kiel, kwa ule mji wa bandari yao ya kijeshi. Na Wajerumani hawakucheza na mkono, blauzi ya Kiel ina kafu ya bluu yenye mistari mitatu kama kola, marinda juu ya kafu, nyeupe au ya mistari kwa majira ya joto, bluu nzito kwa baridi. Stuttgart kulikuwa na kampuni ya Wilhelm Bleyle, ilianza 1889, wao wakawa wanazifuma badala ya kushona kitambaa, na mkono wa kufuma ni habari nyingine kabisa, unavutika, hauhitaji ujazo, kwa hiyo ule upana ukaanza kupotea. Mkono wa kibaharia uliobana mwili mara nyingi ukiukagua utakuta ni wa kufumwa.

Urusi vile vile, yule mtoto wa mfalme wa mwisho, Alexei, aliyezaliwa 1904, picha zake nusu yuko kibaharia, na dada zake wanne wamevaa sare sare. Na Austria mpaka leo kwaya ya wavulana wa Vienna wanavaa, tangu ilipoundwa upya 1924.

Bahari Tulivu

Na mikono mifupi? Maana mimi nilizoziona mitumbani soko la Karume nyingi ni mifupi, nyeupe, kola ya bluu, mkono unaishia juu ya kiwiko.

Fundi Mkasi

Mkono mfupi ni mgeni kwenye hii nguo. Baharia wa matanga hana mkono mfupi. Umeshika kasi baada ya vita ya kwanza ya dunia, wakati watu wa Ulaya na Marekani walipoanza kuamini jua ni dawa ya watoto, na nguo za pamba za kufua kila siku zikawa ndo za mtoto. Hapo suti ya baharia ikawa nguo ya kuchezea mchangani. Na kuna sababu ya dobi pia, nguo nyeupe zilichemshwa, bluu ya zamani ikitoa rangi umeshaharibu, kwa hiyo kola nyingine zilikuwa za kufungua na vifungo, unachomoa unafua nyeupe peke yake. Ukiwa na mkono mfupi usio na kafu ya bluu umejipunguzia tatizo moja.

Sasa hizo za Karume, angalia lebo vizuri, kama ina maandishi ya Kijapani basi sio ya mtoto mdogo, ni sare ya shule ya binti. Wajapani waliichukua miaka ya 1920. Kyoto shule moja ya kikristo iliweka gauni la kibaharia 1920, na Fukuoka mwaka 1921 mkuu wa shule Mmarekani, mwalimu Elizabeth Lee, akaleta blauzi na sketi, ndo mtindo ulioenea. Na wao mkono wameupangia ratiba! Tarehe 1 Juni wanahamia nguo za joto, tarehe 1 Oktoba wanarudi za baridi. Za baridi mkono mrefu wa bluu nzito, kafu ina mistari. Za joto mkono mfupi mweupe. Na katikati hapo, shule nyingine zina ya tatu, mwili mweupe, mkono mrefu mweupe, ila kafu na kola ni bluu. Sasa hiyo ya tatu nilipoiona nikacheka peke yangu, maana ndo ile ile ya sare ya 1857, kafu za bluu kwenye blauzi nyeupe, imezunguka dunia nzima ikajificha kwenye shule za mabinti.

Ndugu Jembe

Na yule bata wa katuni asiyevaa suruali?

Fundi Mkasi

Donald Duck, 1934, Marekani 😂 Naye angalia, hana suruali, hana viatu, lakini mkono wa blauzi una pindo lake la kafu. Mchoraji alijua.

mamaZuu

Sawa nimekubali, mkono una mambo. Ila turudi kwenye harusi, zile nguo za watoto uliishia wapi? Yule mama alikuja?

Fundi Mkasi

Nilimpigia nikamwambia nipe siku tatu. Kola sikugusa. Nikafumua mikono yote minane. Bahati kitambaa kilikuwa kimebaki. Nikakata upya, mlima wa begani nimeushusha, chini nikaacha upana wa sentimita 32, kafu ya sentimita 18, kwa hiyo 14 za ziada nikazila kwa marinda saba ya sentimita mbili mbili, nimeyapiga cherehani sentimita tano kwenda juu. Kafu bluu, tepe tatu, vifungo viwili. Beji sikuweka, mama alitaka nanga nikamwambia hawa bado makuruta.

Mtoto wa kwanza kuvalishwa, wa miaka mitano, kitu cha kwanza alinyanyua mikono yote juu kama anapanda mnazi, na nguo haikupanda. Hapo nikajua imekubali. Yule mama akaangalia picha, akaangalia nguo, simu akairudisha kwenye pochi.

Bahari Tulivu

Fundi nina wawili hapa, miaka minne na sita. Kitambaa ninunue kiasi gani, na tepe?

Fundi Mkasi

Blauzi tu bila suruali, kitambaa cha upana wa inchi 60, huyo mkubwa mita moja na robo, mdogo mita moja inatosha, chukua kitambaa cha drili nyepesi usichukue ile ya suruali mikono itasimama kama mabati. Bluu ya kola na kafu nusu mita kwa wote wawili, na iloweke usiku mzima kwanza uone kama inatoa rangi. Tepe watu huwa wanapima kidogo halafu wanarudi dukani wanakuta imeisha, kola peke yake inazungukwa mara tatu na kafu mbili nazo mara tatu, kwa hiyo nunua mita tano kwa kila mtoto. Njoo PM nikuelekeze nilipo.

Kijana wa Likoni

Mombasa unatuma?

Fundi Mkasi

Natuma kwa basi. Nipe urefu kutoka begani hadi kifundoni, na umpime mtoto akiwa amekunja kiwiko, sio amenyoosha.